Jinsi ya Kumkanda Mtu Mgongo na Mabega Bila Kumuumiza

Mtu akiombwa amkande mwenzake mgongo, mara nyingi hukimbilia vidole gumba. Anavikita palepale panapouma, anasukuma kwa nguvu zote alizonazo, na baada ya dakika tatu vidole vimechoka na mwenzake amekunja uso. Anamuuliza, "Umepata nafuu?" Anajibiwa ndiyo, kwa heshima tu.

Nguvu hizo hazihitajiki. Mwaka 2011 Daniel Cherkin na watafiti wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Kundi moja lilipewa masaji ya kawaida ya kutuliza mwili mara moja kwa wiki, la pili likapewa masaji ya kitaalamu inayolenga misuli na viungo vilivyodhaniwa kuwa ndio chanzo, na la tatu likaendelea na matibabu yake ya siku zote. Wiki 10 baadaye, makundi mawili ya masaji yalikuwa yamepata nafuu zaidi ya lile la tatu, na baina yao hapakuwa na tofauti ya maana. Waliokanda walikuwa wamesomea kazi hiyo, sawa. Lakini ile masaji rahisi ya kutuliza ndiyo ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza misingi yake akiwa nyumbani.

Siri iko kwenye mishipa ya fahamu. Ngozi yetu ina nyuzi za fahamu zinazoitikia zaidi mguso laini unaotembea polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na mwili huupokea mguso huo kama faraja. Kisha kuna nadharia ya lango la maumivu, iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965: taarifa za mguso na mgandamizo zikifika kwenye uti wa mgongo huweza kuzibania nafasi taarifa za maumivu zisipite zote kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko mlangoni unakisugua kabla hata hujafikiri. Msuli unaoguswa taratibu huachia. Ukivamiwa kwa nguvu unajikaza kujilinda, na hapo unabaki kupigana na ugumu uliousababisha mwenyewe.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo pekee inayoweza kuokoa maisha. Si kila maumivu ya mgongo ni ya misuli. Muulize mwenzako yalianza lini na vipi, yako wapi hasa, kama yanashuka mguuni au mkononi, na kama kuna kingine anachokisikia mwilini.

Usimkande, mpeleke hospitali haraka, ikiwa maumivu ya mgongo yamekuja na ganzi kwenye sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo au choo kumtoka bila kujijua, mkojo kugoma kutoka, au miguu kuishiwa nguvu. Hapo mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma vibaya inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Maumivu makali ya shingo yaliyozuka ghafla, yakiandamana na kizunguzungu, kuona viwili viwili au uso kulegea upande mmoja, yanaweza kuwa yametokana na mshipa wa damu uliochanika ukuta. Bega au mgongo wa juu unaouma huku kifua kikibana, jasho likitoka na pumzi ikikatika, huo ni moyo mpaka daktari aseme vingine. Aliyeanguka au kupata ajali achunguzwe kwanza. Vivyo hivyo mtu anayepungua uzito bila sababu na ambaye mgongo unamuuma zaidi usiku akiwa amelala.

Kuna dalili moja watu huidharau: mguu mmoja uliovimba, wenye joto, unaouma kwenye kigimbi, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, upasuaji, kulazwa kitandani au kujifungua. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, bonge la damu linaweza kung'oka likasafiri hadi kwenye mapafu. Mwenyewe atakuomba umkande hapo hapo, maana kweli panamuuma. Kataa, na umsindikize hospitali.

Mengine huahirisha kazi tu, hayaifuti: homa, kidonda kibichi, jipu, upele wa kuambukiza, ngozi iliyoungua, sehemu iliyoteguka leo au jana na bado imevimba. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mifupa iliyodhoofika, anayetibiwa saratani, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu wamuulize kwanza daktari wao. Wakiruhusiwa, mkono uwe mwepesi. Mjamzito alale ubavu, mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, na asikandwe miguu kwa kugandamiza kwa ndani, kwa sababu ujauzito wenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda. Akiwa na shinikizo la juu la damu au kutokwa na damu, aende kliniki kwanza.

Hatua ya 2: Mahali, mafuta na makubaliano

Kitanda laini hakifai. Kila ukigandamiza, mwenzako anazama, na nguvu zako zinaishia kwenye godoro. Tandika blanketi nene au godoro gumu sakafuni. Alale kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo kama kiuno ndicho kinachosumbua, taulo iliyoviringishwa chini ya vifundo vya miguu. Paji la uso likae juu ya viganja vyake au taulo iliyokunjwa, ili shingo isipinde upande mmoja kwa nusu saa nzima. Asiyeweza kulala kifudifudi akae kwenye kiti akitazama mgongo wa kiti, akumbatie mto na kuegemea mbele.

Kata kucha, vua pete na saa, nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu. Mafuta yoyote ya mimea yasiyokera ngozi yanatosha: ya nazi, ya mzeituni, ya alizeti. Yasiwe mengi, kwani mkono unaoteleza ovyo haushiki msuli. Anza na kijiko kimoja cha chai, ukiyamimina kiganjani na kuyapasha kwa kusugua mikono. Usimdondoshee mtu mafuta baridi mgongoni ukategemea atulie. Kama ana mzio wa karanga au lozi, soma kwanza lebo ya chupa. Mafuta makali ya kunukia, kama ya mrujuani au mkaratusi, hayapakwi peke yake: matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha kabisa. Na dawa za kuchua zenye mentholi au pilipili, zile zinazowasha, ni nzuri kwa mahali padogo, ila usizifunike kwa chupa ya maji ya moto. Ngozi inaweza kuungua bila mtu kusikia mapema.

Kisha kubalianeni lugha ya kazi. Sifuri ni kutosikia kitu, 10 ni maumivu yasiyovumilika. Mwambie: "Ikifika 6 niambie." Lengo lako ni kuzunguka 4 na 5, yale maumivu matamu ambayo mtu anapumua kwa kina akiyasikia. Akianza kuzuia pumzi, kukunja vidole vya miguu au kuinua mabega kuelekea masikio, umeshavuka mpaka hata kama mdomo unasema "endelea tu". Amini mwili wake kuliko mdomo.

Kubalianeni pia ni sehemu gani utaigusa na ipi hapana. Sehemu usiyoifanyia kazi ibaki imefunikwa shuka. Haya ni mambo ya kusemwa mwanzoni, waziwazi, hata kati ya mume na mke, sembuse kati ya marafiki.

Hatua ya 3: Tumia uzito, vidole vipumzike

Piga magoti pembeni yake, goti moja chini na jingine limeinuliwa, mguu ukiwa umekanyaga vizuri. Nyoosha mikono bila kukaza viwiko. Weka viganja mgongoni mwake, kisha inama mbele kutoka kwenye nyonga. Utaona mgandamizo unaongezeka bila wewe kusukuma chochote. Ukitaka kupunguza, rudi nyuma kidogo. Basi, hiyo ndiyo injini ya kazi yote. Mtu mdogo wa umbo anaweza kumkanda pande la mtu kwa namna hii, na asichoke.

Kidole gumba ni kiungo kidogo, na watu wanaofanya kazi hii kila siku huumwa viungo vya vidole gumba wasipojihadhari. Kitumie mwishoni, mahali padogo, kikiwa kimenyooka na kuungwa mkono na vidole vingine vilivyokunjwa. Kwa sehemu kubwa tumia kitanga cha mkono, ngumi iliyolegea, au kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Hatua ya 4: Mipapaso mirefu

Kabla ya kusogeza chochote, weka viganja viwili mgongoni na utulie kwa pumzi tatu hivi. Hapo mwenzako anazoea mikono yako, na wewe unapata kusikia pumzi yake inavyokwenda.

Anza kiunoni. Kiganja kimoja kila upande wa uti wa mgongo, si juu yake. Inama, telezesha viganja kuelekea juu hadi karibu na shingo, vitawanye juu ya mabega, kisha virudishe chini kupitia ubavuni kwa mguso mwepesi. Kupanda kuwe na uzito, kushuka kuwe kwepesi. Safari moja ya kupanda ichukue pumzi moja nzima au mbili. Ukijiona unakwenda haraka, na karibu kila anayeanza hukimbia, punguza mwendo kwa nusu.

Fanya hivyo kwa dakika tano, mikono isiachane na ngozi. Hapa ndipo unapoisoma ramani: upande gani una joto zaidi, wapi msuli umesimama, wapi anashtuka. Usitibu chochote bado.

Mpapaso huu ni mmojawapo wa mitindo mitano ya ile inayoitwa masaji ya Kiswidi. Mingine ni kukanda, kusugua kwa mduara, kugongagonga na kutikisa. Jina hilo hufungamanishwa na Pehr Henrik Ling, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo jijini Stockholm mwaka 1813, ijapokuwa sifa ya kuipanga mitindo yenyewe kwa kawaida hupewa daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger. Kugongagonga nitakuachia mwenyewe. Wapo wanaopenda kugongwa hivyo, lakini kwa mtu mwenye maumivu au aliyejaa mawazo naona kunamzindua badala ya kumtuliza.

Hatua ya 5: Mabega

Ukiwa na dakika 20 tu, zitumie 10 hapa. Anayekaa mbele ya kompyuta, anayeendesha gari kutwa, anayebeba mtoto, anayeinamia cherehani, wote hubeba siku yao kwenye ule msuli mpana unaotoka kisogoni, unapita ukosini na kuishia begani.

Shika nyama iliyo juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega: vidole vinne mbele, kitanga nyuma. Usifinye ngozi, shika msuli wenyewe. Uinue taratibu kuuachanisha na mfupa ulio chini yake, uminye, usubiri kidogo, uachie. Mkono wa pili unapokea pale wa kwanza ulipoachia, mithili ya mtu anayekanda unga bila haraka. Vidole vya mbele visizame nyuma ya mtulinga, kwani hapo pana mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda mkononi.

Sasa mwombe aweke mkono wa upande huo nyuma ya kiuno, kama hauumi. Kombe la bega, ule mfupa bapa wa pembe tatu, litainuka na ukingo wake wa ndani utajitokeza. Pitisha vidole kwenye mfereji ulio kati ya ukingo huo na uti wa mgongo, kutoka chini kwenda juu. Ukifika kona ya juu ya mfupa, mara nyingi utakutana na ukanda mgumu unaoteleza na kuruka chini ya kidole. Mwenzako atasema mwenyewe: "Hapo! Hapo hapo!" Hiyo ni sehemu ambapo msuli unaoshuka kutoka shingoni umejishikiza kwenye kombe, na kwa watu wengi ndiyo inayouma kuliko zote.

Usiisugue kwa hasira. Weka kidole gumba au kifundo cha kidole juu yake, egemea mpaka aseme 5, kisha tulia palepale kwa sekunde 20 hadi 30. Usizungushe wala usichimbe. Muulize, "Sasa ni ngapi?" Akisema imeshuka hadi 3, achia polepole na upapase eneo lote kwa kiganja. Isiposhuka, achana nayo, zunguka jirani, urudi baadaye. Mara tatu kwa fundo moja zinatosha kwa siku. Maumivu kusambaa kidogo kuelekea kichwani au begani ni jambo la kawaida. Yakiruka kama umeme hadi vidoleni, au mkono ukifa ganzi, umegusa mshipa wa fahamu, kwa hiyo ondoa mkono.

Mrudishie mkono wake pembeni taratibu, ukiushika kwenye kiwiko na kifundo. Usimwache auvute mwenyewe, maana bega ulilolilegeza litajikaza tena.

Hatua ya 6: Shingo

Shingo inakandwa vizuri zaidi mtu akiwa chali, wewe umekaa kichwani pake. Ingiza mikono yote miwili chini ya shingo, viganja juu, na uvute vidole polepole kutoka chini ya ukosi kuelekea kwenye fuvu, kando ya pingili. Rudia mpaka kichwa kiwe kizito mikononi mwako. Kikiwa chepesi ujue bado anakishikilia mwenyewe. Mwambie akuachie.

Kisha kunja vidole vinne vya kila mkono viwe ndoano pale fuvu linapoishia, kwenye vishimo vya kisogoni, na uache kichwa kikae juu ya ncha zake. Hufanyi kitu. Uzito wa kichwa ndio unaokanda. Dakika moja hadi mbili. Misuli midogo ya hapo hukaza kwa watu wanaotazama skrini muda mrefu, na maumivu yake hupanda hadi nyuma ya macho. Kwa kichwa kinachouma kwa kubana, hapa ndipo mahali pa kuanzia.

Mbele ya shingo na pembeni kwenye koo hapaguswi, kwa sababu ndipo inapopita mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Na kile kitendo cha kuzungusha shingo ghafla mpaka ilie "ko!" kifute kabisa kwenye akili yako. Hakina kazi katika masaji ya nyumbani, na madhara yake yakitokea yanaweza yasiwe na marekebisho.

Hatua ya 7: Kiuno na makalio

Kiunoni, fanya kazi kando ya uti wa mgongo kwa vitanga vya mikono, ukisukuma kwa mshazari kwenda nje. Chini kidogo ya mbavu za mwisho usigonge wala kugandamiza kwa kiwiko, kwa kuwa figo ziko jirani na hazina ngao ya kutosha.

Maumivu mengi ya kiuno huambatana na misuli ya makalio iliyokaza, na watu hawaifikirii kwa sababu ya haya. Omba ruhusa, iache imefunikwa shuka, na uegemeze kigasha kwenye nyama ya nje ya kalio, kati ya mfupa wa nyonga na ule mfupa unaojitokeza juu ya paja. Zungusha taratibu, kwa uzito wako tu. Ikiwa maumivu yanakimbia kushuka mguuni, sogea juu au acha.

Hatua ya 8: Kumaliza

Rudi kwenye mipapaso mirefu, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia, mpaka mikono itulie kiunoni kama ulivyoanza. Mfunike. Asiinuke ghafla, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka akapata kizunguzungu. Ageukie ubavu, akae kidogo, ndipo asimame.

Kesho yake anaweza kusikia misuli inauma kidogo, na hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au akipata michubuko, ulikandamiza kupita kiasi. Kuhusu maji, anywe akiwa na kiu. Habari za kwamba masaji "inatoa sumu" ambazo lazima zisafishwe kwa lita kadhaa za maji hazina msingi, kwani kazi hiyo ni ya ini na figo, usiku na mchana. Hali kadhalika ile asidi ya laktiki inayolaumiwa kwa maumivu baada ya mazoezi: mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi. Na hakuna mkono unaoweza "kurudisha diski mahali pake". Akikuambia mtu hivyo, mshukuru uondoke.

Kama shida ni mawazo na usingizi

Hapa badilisha mpango. Ruka mafundo yote ya hatua ya 5. Fanya mipapaso ya hatua ya 4 kwa robo saa, kisha shingo, kisha kichwa chenyewe: ncha za vidole kwenye ngozi ya kichwa, ukiisogeza ngozi juu ya mfupa badala ya kuteleza juu ya nywele. Kanda viganja vyake, ukifungua kila kimoja kwa vidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Malizia kwa nyayo, kwa mguso mzito maana mwepesi unatekenya.

Taa iwe hafifu, simu zizimwe, na usimpe ushauri wowote. Mtu aliyelemewa akiguswa kwa utulivu wakati mwingine hulia. Haina maana kwamba umemuumiza. Acha mkono ulipo, muulize kama uendelee, na umwache aseme au asiseme. Nafuu hii ni ya saa kadhaa, pengine siku, kwa hiyo ifanyike karibu na muda wa kulala ili usingizi uivune. Haitibu sonona, na mtu aliyekata tamaa ya kuishi anahitaji msaada wa wataalamu siku hiyo hiyo.

Ukiwa peke yako

Mpira wa tenisi na ukuta. Uweke kati ya ukuta na nyama iliyo kando ya uti wa mgongo, egemea, na ukunje magoti taratibu ili mpira upande na kushuka. Ukipata pachungu, tulia sekunde 30 ukipumua. Usiuweke juu ya pingili zenyewe. Mpira huohuo unafaa kwa kalio ukiwa umekaa sakafuni, na kwa unyayo ukiwa umesimama.

Taya nazo zinasahaulika. Anayesaga meno usiku aweke vidole kwenye msuli unaovimba mashavuni akiuma meno, alegeze mdomo, na asugue miduara midogo kwa dakika moja. Wanaoandika au kutumia simu kutwa wakande vigasha vyao, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, kwa kitanga cha mkono wa pili.

Mara ngapi, na lini umtafute mtaalamu

Jaribu nusu saa mara moja au mbili kwa wiki badala ya saa mbili mara moja kwa mwezi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na masaji imo miongoni mwa yanayopendekezwa, lakini imo pamoja na mazoezi na elimu ya namna ya kuishi na maumivu. Mkanda wa kubana kiuno haukupendekezwa. Kwa hiyo baada ya kumkanda mtu, mwinue mtembee kidogo. Mgongo uliolegezwa kisha ukarudishwa kwenye kiti kilekile kwa saa sita mfululizo utakaza tena kabla ya jioni.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, au maumivu yakizidi kila unapomkanda, aende kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Akiamua kwenda kwa mkandaji wa kulipwa, amuulize alisomea wapi na kwa muda gani. Mkandaji makini humuuliza mteja historia ya afya kabla ya kumgusa, hutoka chumbani au kugeuka mteja anapovua nguo, hufunika sehemu asiyoikanda, na huacha mara moja akiambiwa aache. Mtindo wenyewe ni suala la kupenda: shiatsu ya Kijapani hugandamiza juu ya nguo bila mafuta, masaji ya Kithai huvuta na kunyoosha viungo, ile ya tishu za ndani huenda polepole na kwa kina. Mkandaji akisema "vumilia, dawa ni chungu" wakati mteja ameshasema 8, mteja avae nguo zake aondoke, hata kama muda aliolipia haujaisha.